Folda imegoma kufutika, flashi imegoma kutoka: mtafute anayeishikilia

Juzi jioni dada mmoja wa chuo aliingia stesheneri kwangu hapa Moshi, karibu na stendi, flashi yake ikining'inia shingoni kama kitambulisho. Ripoti ya utafiti, kurasa 42, aprintiwe, abaindiwe, awahi Coaster ya Arusha. Tukarekebisha jalada, nikasevu humohumo kwenye flashi, nikaprinti, nikaifunga ripoti yake kwenye skrini, nikageukia kadi ya send-off ya mteja mwingine huku mashine ya kubaindi ikifanya kazi yake. Nilipotaka kumtolea flashi, kompyuta ikakataa: kifaa kinatumika.

"Kinatumika na nani, kaka, wakati umeshafunga?"

Swali zuri. Kwenye skrini hapakuwa na hata herufi moja ya ripoti yake. Word ilikuwa wazi, lakini na kadi ya send-off, ambayo ipo kwenye diski D. Nikaisevu kadi, nikaifunga Word yote, nikabonyeza tena alama ya kutoa flashi. Ikatoka. Coaster hakuikosa.

Wengi hapo wangeichomoa kwa nguvu, au wangezima kompyuta na kuiwasha upya. Kuzima na kuwasha kunasaidia, sibishi, ila kesho tatizo litarudi na foleni ya wateja ikiwa imefika mlangoni. Kwa hiyo naandika hapa ninavyolitafuta mwenyewe. Ninaongelea Windows 10 na 11, maana ndizo ninazoziona kutwa.

Soma kwanza kompyuta imeandika nini

Watu hufunga kile kidirisha kabla hawajakisoma, halafu wananiambia "imeandika kitu cha Kiingereza". Ukisoma maneno mawili matatu ya juu tu utajua uelekee wapi. Ikiandika "Folder In Use" au "File In Use", kuna programu imeshika kitu ndani ya folda hiyo, na kazi yako ni kuitafuta. Ikiandika "Access Denied", mara nyingi ni habari ya ruhusa: faili halishikwi na yeyote, ni wewe tu huna haki nalo. Dawa ya moja haitibu nyingine. Nimeona kijana anahangaika saa nzima na ruhusa za folda ambayo ilikuwa imeshikwa na programu ya kuchezea muziki.

Nitakaa zaidi kwenye aina ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayonijia.

Mafaili yote nimefunga, folda bado "inatumika"

Hiki ndicho kilichomkuta dada wa ripoti, na ndicho kinachowachanganya hata mafundi.

Kila programu inayotembea ndani ya Windows ina mahali iliposimama, folda moja ambayo kwake ndiyo "hapa". Ukibonyeza "Open" au "Save As" linafunguka dirisha la kuchagulia faili. Unazunguka nalo mpaka kwenye flashi, unachagua, unabonyeza. Programu nyingi, si zote, huhamia huko pamoja nawe. Ukifunga faili, programu hairudi ilikotoka. Inabaki imesimama palepale kwenye folda ya flashi, na Windows haikubali mtu afute au abadilishe jina la mahali ambapo programu imesimama. Flashi nzima nayo inahesabika kuwa kazini. Ni kama hiace ya Majengo iliyoshusha abiria wote: viti vyote vitupu, lakini konda bado kaning'inia mlangoni, na mlango haufungiki.

Aliyeandika programu angeweza kulizuia hili. Dirisha la faili linaweza kuagizwa lirudishe programu mahali pake baada ya mtu kuchagua. Ila kwenye lile dirisha la zamani la kufungulia mafaili, ambalo programu nyingi za miaka ya nyuma bado zinalitumia, maelezo rasmi ya Windows yenyewe yanasema agizo hilo halifanyi kazi. Mwandishi wa programu lazima akumbuke kujirudisha mwenyewe. Ndiyo maana kwenye kompyuta moja programu hii inaachia flashi papo hapo na ile inang'ang'ania mpaka uifunge.

Utaitambua hali hii hivi. Folda inayogoma ni ileile uliyochagulia faili mara ya mwisho. Pengine vilivyomo ndani vimefutika vyote, limebaki boksi tupu lisilofutika. Na ukijaribu kubadilisha jina la folda ya juu yake, iliyoibeba, nayo inakataa, kwa sababu huwezi kuhamisha nyumba wakati mtu kasimama sebuleni.

Dawa ya haraka haihitaji kufunga kazi ya mtu. Ndani ya programu ileile bonyeza Ctrl na O, nenda "Documents" au popote nje ya flashi, chagua faili lolote dogo, ulifungue kabisa. Usiishie kufungua dirisha na kubonyeza "Cancel", maana mara nyingi hapo programu haijahama. Faili jingine likishafunguka, konda kashuka. Jaribu tena kutoa flashi.

Kama huna kazi ya kulinda, funga programu yote. Na hapa kuna mtego wa Word: hati tano zilizo wazi zinaonekana kama madirisha matano, lakini nyuma yake ni programu moja. Ukibonyeza alama ya kufunga kwenye ripoti ya mteja, umeifunga ripoti. Word bado inaishi kupitia kadi ya send-off, na bado imesimama ilipokuwa imesimama. Mpaka dirisha la mwisho lifungwe.

Mshikaji mwingine wa aina hii ni lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Ukilifungulia ndani ya folda, au ukaingia kwa amri ya cd, limesimama humo hata kama halifanyi lolote. Wanafunzi wa kompyuta wananiletea hii sana. Kama unataka kufuta folda tu, andika cd \ litoke humo; kama ni flashi unataka kuitoa, lifunge.

Sijui ni programu gani

Kubahatisha kuna mwisho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, bonyeza Enter. Nenda kwenye kichupo cha CPU, kisha fungua sehemu ya chini iliyoandikwa "Associated Handles". Kuna kisanduku cha kutafutia upande wa kulia. Andika kipande cha jina la folda, mfano utafiti, au kama ni flashi andika herufi yake na nukta mbili, E:. Subiri kidogo, haina haraka. Itakuja orodha: safu ya kwanza jina la programu, safu ya mwisho njia ya faili au folda iliyoshikwa. Ukiona WINWORD.EXE na mbele yake folda ya mteja, umempata.

Ukishampata, mfunge kistaarabu: rudi kwenye programu, sevu, funga. Kumuua kwa "End Process" ni kwa ajili ya programu isiyo na kazi ya mtu ndani yake. Jina likiwa explorer.exe, yaani dirisha la folda lenyewe, usiliue, fuata ya picha ndogo hapa chini.

Kwa flashi kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Windows ikikataa kuitoa, mara nyingi huandika kwenye daftari lake ni nani aliyezuia. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, chagua "Event Viewer", ingia "Windows Logs", halafu "System". Tafuta mstari wa karibuni wa Kernel-PnP wenye namba 225. Ndani yake imeandikwa njia nzima ya programu iliyozuia na namba yake. Mara ya kwanza kuuona nilijisikia kama polisi aliyekuta shahidi ameandika kila kitu. Ikisema ni System, namba 4, basi anayeshika yuko ndani kabisa ya Windows, huwezi kumfunga kwa mkono. Subiri dakika kadhaa, antivairasi inaweza kuwa inapitia flashi; ikiendelea kukataa, zima kompyuta ndipo uchomoe.

Zile programu za "kufungua kufuli" zinazotangazwa mtandaoni siziweki kwenye kompyuta ya kazi. Nyingine zinakuja na matangazo na takataka za kila namna. Ukitaka chombo cha ziada, PowerToys ya Microsoft ina kitu kinaitwa File Locksmith, ambacho unakiita kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya folda, na kinakuonyesha anayeshikilia.

Folda ya picha na video

Hapa mshikaji huwa ni dirisha la folda lenyewe. Windows inapokuonyesha picha ndogo za kila faili inabidi ilifungue faili, ichungulie, itengeneze picha. Ukiwa na folda ya video za safari zilizojaa gigabaiti kadhaa, uchunguliaji huo unachukua muda, na ukijaribu kufuta katikati yake unaambiwa faili linatumika. Kile kibaraza cha kuonyesha faili upande wa kulia ndicho kibaya zaidi: kinalifungua faili kabisa kwa ajili yako. Kizime kwa Alt na P. Badilisha mwonekano uwe "Details", toka nje ya folda, ifute ukiwa folda ya juu.

Rafiki yangu anafanya kazi kwenye ofisi ya utalii Arusha, upande wa Sakina. Wana folda moja ya picha iliyo kwenye kompyuta ya bosi na wengine wanne wanaifikia kwa mtandao wa ofisi. Kila wakitaka kuhamisha folda ya mwezi, faili moja lisiloonekana linazuia: Thumbs.db. Hilo ndilo Windows inamohifadhia picha ndogo za folda za mtandao, na kompyuta ya mtu yeyote aliyeiacha folda hiyo wazi inaweza kuwa imelishika. Kila mtu afunge dirisha lake, mmoja ahamishe. Kwa Windows za Pro kuna mahali pa kuizuia isitengeneze hayo mafaili kwenye mtandao, ndani ya gpedit.msc kwenye mipangilio ya File Explorer, na tangu waizuie simu za kuniulizia zimepungua.

"Hati imefungwa na mtumiaji mwingine", na mtumiaji mwingine hayupo

Umeme umekatika katikati ya kazi. Umerudi, unafungua ripoti, Word inasema hati inahaririwa na mtu mwingine, na jina inalolitaja ni la kwako wewe mwenyewe.

Unapofungua hati, Word huweka pembeni yake kifaili kidogo kilichofichwa, kinachoanza na ~$. Hati ikiitwa "Ripoti ya utafiti.docx", kifaili chake ni "~$poti ya utafiti.docx", herufi mbili za mwanzo zimeliwa. Kazi yake ni kusema "nipo ndani". Ukifunga hati kawaida, kinafutwa. Umeme ukikatika hakuna wa kukifuta. LibreOffice inafanya hivyohivyo, yake inaanza na .~lock. na kumalizika kwa alama ya reli, #.

Kabla hujafuta chochote, hakikisha kweli hakuna mtu ndani. Hapa ndipo watu wanapokosea. Fungua Task Manager uone kama kuna Word iliyobaki inatembea kimyakimya bila dirisha, uimalize hiyo kwanza. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Ya LibreOffice unaweza kuifungua kwa Notepad ukasoma jina la mtu na kompyuta aliyofungulia. Kama hati iko kwenye folda ya pamoja, nenda kwenye kompyuta inayoihifadhi, Windows na R, andika fsmgmt.msc, angalia "Open Files". Itakuambia nani kafungua nini. Kwenye chama kimoja cha wakulima nilikoitwa kurekebisha daftari la mizani ya kahawa, "mtumiaji mwingine" alikuwa mama wa mapokezi aliyeacha hati wazi akaenda kula. Tukamsubiri. Ningemfunga kutoka kule ningemuua kazi yake ya asubuhi nzima, na mama yule si wa kuchezea.

Ukishajiridhisha hakuna mtu, kwenye dirisha la folda nenda "View", weka tiki ya kuonyesha vilivyofichwa, ufute hicho kifaili cha ~$ peke yake. Hati yenyewe usiiguse.

"Access Denied"

Hii nitaipitia haraka. Ukichukua diski ya kompyuta iliyokufa ukaiunga kwenye nyingine, folda za mtumiaji wa zamani zitakukatalia, kwa sababu mmiliki wake hayupo kwenye kompyuta hii mpya. Windows yenyewe itakuuliza kama unataka kuendelea. Ukiwa na akaunti ya msimamizi, kubali, kisha subiri.

Kile kiboksi cha "Read-only" kwenye "Properties" za folda, chenye mraba uliojazwa, kisikusumbue. Kwa folda hakimaanishi kwamba imefungwa. Nimeona watu wanakitoa mara kumi na kinarudi, wakadhani ni kirusi.

Kinachostahili kujulikana zaidi ni ulinzi wa folda dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, uliokuja na Windows 10 mwaka 2017. Ukiwashwa, programu isiyojulikana haiwezi kuandika kwenye "Documents", "Pictures" wala kwenye desktopu. Ajabu yake ni ujumbe: baadhi ya programu zinakuambia faili halipatikani, wakati wewe ndiyo kwanza unalisevu. Nenda Windows Security, tafuta "Controlled folder access", iruhusu programu yako. Usiuzime ulinzi wote kwa ajili ya programu moja.

Dirisha la "Open" au "Save As" lenyewe linaganda

Unabonyeza Ctrl na O, duara linazunguka, dakika inapita. Kosa si la faili. Dirisha hilo kabla ya kujionyesha linapitia kila mahali ulipobandika upande wa kushoto, na kama kuna diski ya mtandao ya ofisi uliyohama au kompyuta iliyozimwa, linaisubiri ijibu. Ondoa hizo diski zilizokufa kwenye "This PC" na ubandue njia zake kwenye "Quick access". Kwa dharura, dirisha likishafunguka usilitembeze kwa mausi: kwenye kisanduku cha jina la faili andika D:\Wateja moja kwa moja, Enter.

Kuna kuganda kwingine ambako si kuganda. Kwaya ya usharika mmoja hapa Moshi waliniita Jumapili asubuhi: programu ya kuonyesha nyimbo haibofyeki, kila ukigusa inalia tu. Nikauliza, "Projekta mmeizima?" Wakasema ndiyo, wanapunguza joto. Waya ulikuwa bado umechomekwa, kwa hiyo Windows iliamini skrini ya pili ipo, na dirisha la kufungulia faili lilikuwa limefunguka huko, gizani, likisubiri mtu achague wimbo. Mpaka alichague au alifunge, programu haikubali kuguswa. Nilibonyeza Esc mara moja, ikaamka. Ili lisirudie, Windows na P, chagua skrini ya kompyuta pekee, au acha projekta ikiwaka.

Majina

Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiitwa "Ripoti ya utafiti wa mwisho iliyorekebishwa na msimamizi". Njia nzima ikivuka herufi 260, dirisha la folda huanza kugoma: haifutiki, haihamishiki, na ujumbe wake haueleweki. Anza juu kabisa, fupisha jina la folda ya kwanza liwe "R", ya pili "U", mpaka iachie. Na usijaribu kuita folda "con", "aux" wala "nul". Windows inayatumia majina hayo yenyewe tangu enzi za DOS. Jaribu, inachekesha.

Baada ya yule dada wa chuo nilibadilisha utaratibu. Mteja akileta flashi, ninanakili faili lake kwenye D:\Wateja kwanza, naitoa flashi palepale, anaivaa shingoni kabla sijafungua chochote. Kama kuna marekebisho, yanarudishwa kwa kunakili, si kwa "Save As". Jioni nikifunga duka ninafuta D:\Wateja yote, maana ripoti za watu si zangu kuzihifadhi. Ikigoma kufutika, najua kuna Word nimeiacha wazi mahali.